Unga wa dagaa: vichwa viache, mchanga utoe

Unga wangu wa kwanza wa dagaa mwanangu aliutema. Alikuwa na miezi minane, uji umepoa vizuri, kijiko cha kwanza tu akakunja uso. Nikaonja. Mchanga! Nilikuwa nimenunua dagaa wa Mwanza wa bei ya chini, wale wanaoanikwa chini ufukweni, nikawapepeta kidogo na kuwatia kwenye blenda. Blenda haitoi mchanga, inausaga tu.

Nilipompigia mama simu alicheka kwanza. Yeye hununua soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, na swali lake kwa muuzaji ni moja: wameanikwa wapi? Waliokaukia juu ya chanja wanang'aa kama fedha, na ukiwasugua kiganjani hawaachi chengachenga. Siku hizi nanunua hao, na bado nawaosha kwa maji ya uvuguvugu, nawaanika upya jua la siku nzima nikiwafunika kitambaa chepesi (si chandarua, kile kina dawa), kisha nawakaanga bila mafuta kwa moto mdogo hadi wavunjike kwa vidole. Nikishasaga nachekecha kwa chujio la chai, maana kipande cha mfupa si cha kuchezea kooni mwa mtoto.

Sasa vichwa. Wengi wetu tumelelewa kuvitoa, na matumbo pia, kwa sababu ya uchungu. Kwenye mchuzi fanya upendavyo. Kwenye unga, viache. Faida ya dagaa ni kuliwa mzima: kalsiamu imo mifupani, na vitamini A, chuma na zinki kwa wingi zimo kichwani na tumboni. Mnofu wa sangara una protini nzuri, lakini mifupa unaitupa pamoja na kalsiamu yake. Uchungu wenyewe hupungua sana ukiwakaanga vizuri.

Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini. Kijiko kimoja cha chakula cha unga wake, tuseme gramu 6, kinampa mtoto gramu 3 hivi, na mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji takriban gramu 13 kwa siku. Kuna pia vitamini B12, ambayo huipati kwenye ugali, maharage wala mchicha hata ule sufuria nzima. Na chuma cha samaki mwili hukipokea kwa urahisi kuliko cha mboga. Mwanangu nampa na kipande cha embe au chungwa baada ya kula, na chai nimemkatalia kabisa, kwani chai huzuia chuma kisifyonzwe.

Kosa langu la pili lilikuwa ule "unga wa lishe" wa kuchanganya kila kitu: mahindi, ulezi, soya, karanga, dagaa, ndoo nzima. Baada ya wiki chache ukawa na harufu ya mafuta yaliyochacha. Mafuta ya samaki huharibika upesi yakishasagwa, na karanga nazo zikipata unyevu huota ukungu wenye sumu. Isitoshe, soya inataka kuiva muda mrefu, dagaa hawahitaji. Sasa dagaa wana kopo lao lenye mfuniko wa kubana, unga wa wiki mbili tu. Natia kijiko kwenye mboga, ndizi au viazi vya kuponda dakika za mwisho jikoni. Kwenye uji wa sukari, hapana. Hata mimi nisingeunywa.

Kabla ya miezi sita ni ziwa la mama tu. Ukianza, anza na nusu kijiko cha chai, umwangalie siku mbili tatu kama ana vipele au anaharisha.

Usipeleke dagaa wako kwenye mashine ya mtaani bila kuuliza. Mimi nilifukuzwa, na kwa haki: nani anataka sembe inayonuka dagaa?

Wale wa baharini, waliochemshwa kwa maji ya chumvi, usimsagie mtoto. Waunge nazi na ndimu, ule mwenyewe.