Kumtafutia Popi nyumba mpya, mbwa mzee asiyeona

Siku niliyopewa barua ya uhamisho kwenda Dodoma sikuwaza mizigo wala pango, nilimuwaza Popi. Popi nimemlea tangu ana miezi miwili, sasa hivi ana miaka 12, mdomo umejaa mvi na macho yote mawili hayaoni kitu. Kule Dodoma nilipata vyumba viwili kwenye nyumba ya wapangaji wengi, uwanja mmoja, mwenye nyumba alishasema mbwa hataki, na hata angekubali mi natoka saa 12 asubuhi narudi usiku, nani angeshinda naye? Basi nikaanza kumtafutia pa kwenda, ikanichukua karibu miezi miwili, na nilikosea kabla sijapatia. Naandika kwa yeyote aliye kwenye hali kama ile maana mi sikuwa na wa kumuuliza.

Kabla ya yote jua macho yake yana nini. Mbwa akizeeka macho yanapata ukungu wa bluu-bluu hivi na watu wanasema huyo tayari kipofu, kumbe ukungu ule mara nyingi ni uzee tu wa jicho na anaona vizuri. Daktari wa mifugo alinionyesha njia rahisi: chukua kipande cha pamba, kidondoshe mbele ya uso wake, pamba haina sauti wala harufu ya kumshtua kwahiyo anayeona atakifuata kwa macho. Popi hakugeuka. Yeye ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote meupe kama maziwa, ila hayamuumi. Lakini kuna presha ya macho ambayo inauma sana, kuna kisukari ambacho kwa mbwa kinaleta mtoto wa jicho haraka mno, na huku kwetu kuna magonjwa ya kupe ambayo yanaweza kufika mpaka kwenye macho. Usimkabidhi mtu mbwa ambaye wewe mwenyewe hujui anaumwa nini. Na chanjo ya kichaa cha mbwa iwe haijaisha muda, kadi anaondoka nayo.

Watu watakwambia mchome sindano apumzike. Niliambiwa hivyo na watu ninaowaheshimu, iliniuma lakini nikaona bora nimuulize daktari moja kwa moja. Akaniuliza maswali matatu tu, anakula, anainuka mwenyewe, ukimwita anakuja? Vyote ndiyo. Akasema basi kutoona peke yake sio sababu, angekuwa na maumivu yasiyotulia tungeongea mengine.

Sasa kutafuta mtu. Huku kwetu mtu akitaka mbwa anataka mlinzi, kwahiyo kila aliyepiga simu swali la kwanza lilikuwa anabweka? Anabweka, masikio yake yako sawa kabisa, tena anamsikia mgeni kabla hajagusa geti. Kaka mmoja alimtaka kwa ajili ya godauni, mchana anafungwa usiku anaachiwa na mbwa wengine wawili wakubwa. Nilikataa. Mbwa asiyeona hawezi kuona mwenzake kakunja mdomo au kasimamisha manyoya, anamfuata tu kwa harufu mpaka anampamia, na hapo ndio anang'atwa. Kama utampeleka penye mbwa mwingine awe mpole na afungwe kengele ndogo shingoni ili mzee ajue yuko wapi.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwa mke na mume vijana waliokuja jioni moja, dada akamkumbatia Popi akalia kabisa, akasema masikini hatutamwacha. Nikaona nimepata. Wote wawili ni wafanyakazi, saa 1 asubuhi nyumba inafungwa, Popi anabaki peke yake sehemu asiyoijua. Siku ya tatu walipata mgeni wakahamisha makochi. Siku ya nne wakanipigia niende, nikamkuta amesimama kwenye kona kati ya friji na ukuta, paji la uso limegusa ukuta, anatetemeka, kidevu kimechubuka. Nilipomwita jina alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Siwalaumu hata kidogo, niliangalia huruma yao nikaacha kuangalia nyumba yao.

Pale ndio nikaelewa natakiwa kutafuta nini. Mbwa kama huyu anaishi kwa ramani aliyonayo kichwani, hatua ngapi mpaka kwenye maji, sakafu inabadilika wapi, harufu ya jikoni iko upande gani. Kwahiyo tafuta nyumba ambayo vitu havihamishwi hamishwi na mtu ambaye anashinda nyumbani. Huruma ataipata tu hapo hapo.

Nikaandika tangazo upya, nikaacha kusema "mbwa anagawiwa bure" maana neno bure linaita watu ambao hata hawajafikiria. Nikaandika ana miaka 12, haoni, anakula uji wa dona na dagaa mara mbili kwa siku, usiku anaamka mara moja kukojoa, hapandi ngazi, anapenda kukaa karibu na watu. Jirani yangu mmoja, Muislamu, ambaye kumweka mbwa ndani kwake asingeweza kwa sababu ya twahara lakini miaka yote alikuwa akimletea Popi mifupa, ndiye aliyenitajia mwalimu mstaafu na mkewe wanaoishi Kibaha.

Nilienda bila Popi kwanza. Na wewe nenda, usiamini picha za simu. Nikawapa shikamoo, nikaomba kuzunguka uwanja, nikachuchumaa nikatazama kwa urefu wa mbwa: shimo la taka liko wazi, jiko la mkaa linakaa chini karibu na mlango wa nyuma, gari likiingia getini linapita palepale penye kivuli ambapo mbwa yeyote angelala. Niliwaambia yote bila kuficha. Mzee alinisikiliza, wiki ile ile akafunika shimo kwa bati na mawe, na jiko likapandishwa juu ya matofali. Mama yeye aliniuliza, "Mwanangu, amezoea kulala upande gani, kwenye upepo au penye kujificha?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Kufika hapo moyo ulitulia.

Siku ya kuhama nilibeba gunia lake na blanketi lake bila kufua, harufu yake ndio kitanda chake, na bakuli lake lile lile. Nikamfunga kamba nikamzungusha kandokando ya ukuta taratibu, mara tatu, kisha kutoka kwenye gunia mpaka kwenye maji, kurudi, tena na tena. Tukaweka mkeka wa zamani mbele ya ngazi, akiukanyaga anajua asimame. Siku za kwanza alikaa eneo moja dogo tu, wakaliongeza kidogo kidogo. Wajukuu wakija wanaambiwa waite jina kwanza ndio waguse, hasa akiwa amelala, maana hata mbwa mpole akishtuliwa gizani anaweza kuuma.

Tulikubaliana pia wiki mbili za majaribio, na kwamba ikishindikana anarudi kwangu, hapewi mtu mwingine. Dawa na daktari ni juu yangu na kila mwezi natuma kidogo ya unga. Mzee alikataa mara mbili, nikamwambia Popi bado ni wangu pia, akakubali.

Kitu ambacho sikukipanga mimi ni redio. Mama anashinda kibarazani anachambua mchicha na redio yake iko juu ya kigoda kilekile kuanzia asubuhi mpaka taarifa ya habari ya jioni, na Popi ameshika kwamba sauti ile ndio nyumba. Akiwa mwisho wa uwanja anainua kichwa, anasikiliza, anageuka, anakuja moja kwa moja mpaka pua inagusa kigoda. Umeme ukikatika Mama anaimba mwenyewe.

Nilienda kuwaona mwezi wa nne baada ya kumpeleka. Alinusa mkono wangu muda mrefu, akalamba, mkia ukapiga miguu yangu, halafu akarudi kulala chini ya kigoda. Mama akaniambia nikija tena nilete dagaa wa Mwanza, wale wa sokoni kwao Popi anawabagua.