Tumbo Likichafuka, Ulizia na Moyo

Ukiwa na ugonjwa wa Crohn au kolitisi ya vidonda, magonjwa sugu ya uvimbe wa utumbo, akili yote huwa chooni. Lakini uvimbe wa utumbo hauishii tumboni. Kemikali zake huingia kwenye damu, hudhuru kuta za ndani za mishipa na kufanya damu igande upesi. Hatari yetu ya kuganda damu miguuni au mapafuni ni kama mara 2 hadi 3 ya watu wengine, na hupanda zaidi ugonjwa unapoamka. Mshtuko wa moyo na kiharusi navyo huongezeka, ingawa kwa kiasi kidogo, na ujana si kinga.

Nilipolazwa nikiharisha damu, nesi alikuwa akinichoma sindano ndogo ya heparini tumboni, ya kuzuia damu isigande. Nikamuuliza, "Dada, damu inanitoka, nawe unaizuia isigande?" Akanieleza kwa utulivu kwamba utumbo unapovuja ndipo mishipa mingine huweza kuziba, maana ugonjwa umewaka na mgonjwa amelala tu. Kwa wengi wetu, damu ya chooni haitoshi kuwa sababu ya kunyimwa sindano hiyo. Kwa hiyo ukilazwa na usiione, uliza. Huo si ubishi, ni haki yako.

Steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, hupandisha presha, sukari na uzito. Nikiwa kwenye prednisoloni, mojawapo ya steroidi hizo, napima presha asubuhi kabla ya chai na kuiandika daftarini. Usiziache ghafla, ila mwulize daktari ni dawa gani itakutuliza muda mrefu bila hizo. Akitaja tofacitinib, kidonge cha kutuliza kinga ya mwili, nawe umevuka miaka 50 au unavuta sigara, zungumzieni moyo kwanza.

Kolesteroli nayo mara nyingi hushuka ugonjwa ukiwaka, hivyo majibu mazuri ya wakati huo yasikupumbaze. Pima tena ukishatulia.

Sigara acha. Wenye kolitisi huambiwa inatuliza utumbo, lakini moyo ndio unaolipa.

Upungufu wa damu umetuzoesha kuvumilia uchovu na moyo kudunda. Hata hivyo, mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, soksi ikaacha alama upande huo tu, mwone daktari siku hiyohiyo. Ukihema ghafla au kifua kikibana, kimbilia hospitali hata kama ni usiku, na utaje mapema ugonjwa wako wa utumbo, maana daktari wa zamu hawezi kuuona kwa macho.