Kabla hujavuta stima hadi gereji ya nyuma ya nyumba

Wateja wangu wengi hapa Nakuru hunipigia simu gereji ikiwa imeshaezekwa, sakafu imekauka, na mashine ya kuchomelea imo ndani inangoja. "Fundi, ni kuvuta waya tu kutoka kwa nyumba," wanasema. Mara nyingi waya wenyewe wameshanunua, ule bapa mweupe wa milimita mraba 2.5, wakitaka upitishwe juu ya ua hadi nyuma. Kazi hii nimeifanya Kiamunyi, Lanet na Njoro, na kabla ya hapo Kisumu, upande wa Nyamasaria hadi Ahero, na mazungumzo huwa hayo hayo. Swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza ni hili: siku waya utakapochubuka ndani ya mashine na bodi yake, yaani gamba la chuma la nje, ikashika stima, ni kitu gani kitakachokata?

Wengi hujibu kwamba breka ipo. Ipo kweli, lakini kazi yake ni kulinda waya usiungue. Breka ya ampea 20 hungoja mzigo upite kiwango chake ndipo ishuke. Mwili wa binadamu hauvuti ampea 20. Miliampea zinazozidi 30 zikipita kifuani kwa muda zinaweza kuuvuruga moyo, na hizo ni sehemu ndogo sana ya ampea moja. Mtu anaweza kuwa ameng'ang'aniwa na stima sakafuni na breka imetulia pale ukutani kama kwamba ni Jumapili.

Mzee mmoja wa Njoro alinibishia. "Na erthi je, fundi, ule waya wa kupeleka stima ardhini? Si nimepigilia rodi pale nyuma?" Nikamwambia, sawa mzee, tupige hesabu. Tuseme rodi hiyo ina upinzani wa ohm 40, ambao kwa udongo wetu si mbaya. Stima yetu ni volti 240. Gawanya 240 kwa 40, unapata ampea 6. Maana yake hata laivu, waya unaoleta stima, ikigusa bodi ya mashine moja kwa moja, kinachozama ardhini hakizidi ampea 6, na breka ya 20 haina habari. Bodi itabaki na stima kutwa kucha, ikimngoja wa kuishika. Cha ajabu ni kwamba mara nyingine dalili ya kwanza huwa tokeni. Ampea 6 kwa volti 240 ni karibu kilowati moja na nusu, yaani karibu yuniti moja na nusu kila saa hata ukiwa umelala. Nimewahi kuitwa na mama aliyeapa kwamba mita yake ni mbovu. Mita haikuwa na kosa. Stima yake ilikuwa inanywewa na udongo nyuma ya banda.

Kinachokata katika hali hiyo ni RCD, kifaa kinachokaa kisandukuni pamoja na breka. Inapima umeme unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro, waya wa kurudishia. Ukitoka mwingi ukarudi pungufu, inajua kuna unaopotelea njiani, iwe ni ardhini au mwilini mwa mtu. Ile ya miliampea 30 hutakiwa kukata ndani ya sekunde 0.3 pengo likifika kiwango hicho, na ndani ya sekunde 0.04 pengo likiwa mara tano ya kiwango hicho. Kwa RCD, ile rodi ya mzee ya ohm 40 inatosha na kuzidi.

Lakini usiipe kazi isiyo yake. RCD haijui mzigo ukizidi, kwa hiyo breka zinabaki palepale. Tena ukishika laivu kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, huku umesimama juu ya ubao mkavu, RCD itakuona wewe ni balbu tu. Kuna kifaa kinachounganisha breka na RCD ndani ya mwili mmoja, RCBO, na kwa gereji ndicho ninachokipenda: kimoja cha soketi, kimoja cha mashine ya kuchomelea, kimoja cha taa. Soketi zikileta shida, hutabaki gizani ukiwa umeshika grainda inayozunguka. Na kwa sababu mashine nyingi za kuchomelea siku hizi ni za inveta, chagua RCBO ya aina A badala ya aina AC. Umeme unaovuja kutoka kwenye vifaa vya namna hiyo unaweza usionwe na AC.

Kuhusu mahali pa kuiweka, nashauri RCD ya 30 ikae kwenye kisanduku cha gereji yenyewe, na upande wa nyumba uweke breka inayolinda kebo. Ukizipanga RCD mbili za 30 moja nyuma ya nyingine, kosa la gereji litazima friji jikoni, na hakuna anayeweza kukuambia ipi itatangulia. Kama upande wa nyumba ni lazima uwe na RCD, basi iwe ya miliampea 100 yenye kuchelewa, iliyo na alama ya S.

Sasa udongo, maana hapa ndipo pana tofauti kubwa kati ya mji na mji. Kule uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, udongo mweusi wa mfinyanzi hushika maji, na rodi ya mita 1.2 mara nyingi hunipa kipimo kizuri mvua ikiwapo. Kiangazi udongo huo hupasuka na kuachana na chuma. Hapa Nakuru tuna majivu ya volkano, mepesi na makavu, ambayo maji hupita bila kusalimia. Rodi moja huenda isitoshe. Pigilia ya pili, na umbali kati yake na ya kwanza usipungue urefu wa rodi moja, kisha unganisha. Pima kwa kipimo cha erthi, na ukiweza pima Januari au Februari ardhi ikiwa kavu. Kwa RCD ya 30 hesabu ya karatasini hukubali hadi ohm 1,667, lakini ukizidi 200 kipimo hicho si cha kutegemea, kitabadilika na msimu. Chumvi ambayo watu humwaga shimoni huondoka na mvua, na kabla ya kuondoka huwa imekula chuma. Nondo ya ujenzi nayo si rodi ya erthi.

Kuna jambo la kuamua na fundi wako mapema: gereji itatumia erthi ya nyumba au yake? Zote mbili zinafanyika, kulingana na jinsi nyumba ilivyounganishwa, lakini zisichanganywe ovyo. Gereji ikiwa na rodi yake, nyaya za chuma zilizozunguka kebo zipewe erthi upande wa nyumba tu, na zitengwe upande wa gereji. Kama kuta ni za mabati, fremu ya chuma iungwe kwenye erthi pia, kwa sababu waya mmoja uliobanwa na msumari unatosha kuligeuza banda zima kuwa mtego.

Kebo yenyewe nataka ile yenye koti la nyaya za chuma, ifukiwe sentimita 60, na utepe wa manjano juu yake, maana jembe halibishi hodi. Unene nao una hesabu yake. Mita 40 kwa waya wa 1.5 ukivuta ampea 15 zinakupotezea zaidi ya volti 17, na kikomo tunachofuata ni asilimia 5, yaani volti 12. Waya wa 6 kwa mzigo huo huo hupoteza kama volti 4 na nusu. Ekstensheni kutoka soketi ya jikoni sitaizungumzia.

Radi je? Walio Kakamega, Kisii na kando ya ziwa wanajua ninachosema. RCD haizuii radi. Hiyo ina kifaa chake, kinachokaa kwenye kisanduku na kupeleka wimbi la volti ardhini, na waya uliofukiwa una nafuu kuliko uliotundikwa.

Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia kawi, na akimaliza akupe vipimo kwa maandishi: ohm za erthi, na muda RCD iliochukua kukata. Wewe bonyeza kitufe cha T angalau kila miezi sita. Kitufe hicho kinajaribu RCD peke yake; RCD itaruka hata kama rodi ya erthi imeibiwa na wauza vyuma chakavu.

Na siku RCD ikikataa kusimama, usikubali itolewe kwa sababu "inasumbua". Shusha breka zote, pandisha RCD, kisha rudisha moja moja. Mara nyingi mkosaji ni taa ya nje iliyoingia maji. Kama inaruka hata breka zote zikiwa chini, shuku nyutro iliyogusa erthi. Breka ya kawaida hukata laivu tu, kwa hiyo itabidi fundi azime stima yote na kufungua nyutro moja moja hadi aipate. Ni kazi ya kuchosha. Fundi anayetaka kuikwepa kwa kuunganisha waya moja kwa moja, mlipe nauli aende.