Nyimbo zimesambazwa kupitia waifai yangu, je, nilipe?

SWALI: Nina hosteli ya wanafunzi Iyunga, Mbeya, na wapangaji wote wanatumia waifai yangu. Juzi kanipigia mtu anayejiita wakala wa wasanii, eti nyimbo za wateja wake zimesambazwa Telegram kupitia intaneti yangu. Anataka laki nane kwa simu, la sivyo atachukua taarifa zangu kampuni ya simu na kunishtaki. Nimlipe?

JIBU: Usitume hata mia, dada yangu, lakini usipuuze pia.

Wakala hana mamlaka ya kudai taarifa za mteja. Kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, anayeweza kuamuru zitolewe kwa ajili ya upelelezi ni mkuu wa kituo cha polisi au ofisa wa ngazi hiyo. Kama ana malalamiko ya kweli, aende huko, au afungue madai mahakamani chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 1999.

Muulize pia namba ya IP, yaani namba inayotambulisha intaneti yako mtandaoni, ameipataje. Kwenye torrent, njia ya watu kupakua faili moja kwa moja kutoka kwa wenzao, wanaopakua huonana namba. Kwenye kundi la Telegram faili hupitia mitambo ya Telegram yenyewe, na mwanakikundi haoni IP ya mwenzake. Hapo ndipo ninapomtilia shaka.

Tuseme anayo. Simu zote za hosteli hutoka nje kupitia ruta yako, kile kifaa kinachorusha waifai, kwa namba moja, na kampuni za simu nazo mara nyingi huwapa wateja wengi namba moja kwa wakati mmoja. Namba hiyo haisemi ni kidole cha nani kilichobonyeza. Marekani kulikuwa na kesi inayofanana sana na yako, ingawa ilihusu filamu: aliyeshtakiwa alikuwa na nyumba ya kulea watu wazima, intaneti wakiitumia wakazi na wageni. Mwaka 2018 mahakama ya rufani ilisema kuwa mwenye akaunti ya intaneti pekee hakutoshi kumwajibisha mtu kwa kilichopakuliwa. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila hoja yake wakili wako anaweza kuitumia. Hapa kwetu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime kama ushahidi wa kielektroniki ulitengenezwa na kutunzwa kwa njia ya kuaminika. Picha ya skrini peke yake itapata shida kuvuka hapo.

Mtake aandike: nyimbo zipi, tarehe na saa ngapi, na barua ya msanii inayomtuma. Wasanii wetu wanaibiwa kweli, kwa hiyo akileta hayo, mpe wakili ayasome. Usifute chochote kwenye ruta. Polisi wakija na amri, soma jina na cheo cha aliyeitoa, kisha toa ushirikiano.