TV haiwaki, kitufe kiko wapi? Maswali na majibu

Maswali ya safari hii karibu yote yanazunguka sehemu moja: kitufe cha kuwashia TV. Nimefurahi kuyapata, kwa sababu kitufe hicho ndicho kipimo ambacho fundi mkweli huanza nacho, na mwenye TV anaweza kukitumia mwenyewe kabla hajatoa hata shilingi. TV ikiwaka kwa kitufe na kukataa kwa rimoti, kwa kawaida TV ni nzima, shida iko kwenye rimoti au kwenye kinachoziba mwanga wake. Ikikataa kwa vyote viwili, ndipo tuanze kuzungumza habari za umeme na bodi, yaani ile sahani ya ndani yenye vifaa vya umeme. Watu wengi wanauziwa bodi wasizozihitaji kwa kutojua hilo tu, na linaniuma. Twende moja moja.

Mwanangu fundi, mjukuu amepoteza rimoti. TV yetu ni hizi bapa, imefungwa ukutani. Nimeizunguka yote sioni kitufe hata kimoja. Je, za siku hizi hazina? (Mama, Tanga)

Shikamoo mama. Kinaweza kuwepo, ila kimefichwa. Watengenezaji wanataka mbele paonekane kioo kitupu, kwa hiyo ile safu ya vitufe sita saba ya zamani imebaki kitufe kimoja kidogo, cheusi kama TV yenyewe, mara nyingi bila maandishi yoyote. Ndiyo maana macho hayakioni. Kitafute kwa vidole.

Anza chini, katikati, pale palipoandikwa jina la kampuni. Pitisha ncha za vidole chini ya ukingo, upapase taratibu mpaka uhisi kitu kinachobonyea. LG nyingi wamekiweka hapo hapo chini ya jina. Samsung nyingi pia, ila nyingine kiko nyuma, kona ya chini. Kwa TCL na Hisense papasa chini, katikati kisha kuelekea kulia. Kwa Sony, papasa chini na pia ukingo wa nyuma, upande mmoja baada ya mwingine.

Kwa kuwa yako iko ukutani, usiivute wala usiinyanyue ili uchungulie. Mwambie kijana afungue kamera ya mbele ya simu, aanze kurekodi video, aipitishe simu chini ya TV kutoka kushoto kwenda kulia, halafu mkae mtazame. Mtaiona na ile taa nyekundu ndogo. Mara nyingi kitufe hakikai mbali nayo.

Mkikipata, bonyeza mara moja uachie. Kuzima, shikilia sekunde chache. Kama kinasukumika pia pande nne, kinafanya na kazi ya sauti na chaneli. Kwenye Samsung za aina hiyo, ukikibonyeza TV ikiwa inawaka, menyu ndogo hutokea kwenye kioo: sukuma mpaka kwenye alama ya duara lenye kijiti kilichosimama juu yake, kisha bonyeza.

Halafu mama, baadhi ya TV zina swichi nyingine kubwa, nyuma au chini, karibu na pale waya wa umeme unapoingia, yenye alama 0 na 1. Ikiwa kwenye 0, TV imekatiwa umeme kabisa: taa nyekundu haiwaki na hakuna rimoti itakayoiamsha. Mtu akifuta vumbi anaweza kuigusa bila kujua. Iangalieni nayo.

Fundi, salaam aleikum. TV yangu taa nyekundu iko lakini nikibonyeza rimoti haisikii. Fundi wa mtaani asema ni bodi. Nitajuaje kabla sijampa pesa? (Msomaji, Mombasa)

Waaleikum salaam. Taa nyekundu ni habari njema: stima inaingia na angalau sehemu ya ndani iko hai. Sasa bonyeza kitufe cha kwenye TV. Ikiwaka, msimamishe huyo fundi.

Kisha pima rimoti kwa simu. Fungua kamera, elekeza ile taa ndogo iliyo kichwani mwa rimoti kwenye kamera, ubonyeze kitufe chochote ukiangalia kioo cha simu. Rimoti nzima itaonyesha mwanga unaopepesa, wa zambarau au mweupe, ambao kwa macho matupu huuoni. Kamera ya nyuma ya baadhi ya simu huuchuja mwanga huo, basi jaribu na ya mbele. Onyo dogo: rimoti mpya za kuongea nazo kwa sauti hutuma maagizo mengi kwa bluetooth, lakini nyingi bado hutumia mwanga kuwashia TV, kwa hiyo pima kwa kitufe cha kuwasha chenyewe.

Usipoona mwanga, badilisha betri zote mbili kwa pamoja. Ukikuta unga mweupe kwenye springi, betri imevuja: futa kwa pamba yenye siki kidogo, kausha, uweke betri mpya. Kama vitufe vingine vinatoa mwanga na cha kuwasha hakitoi, mpira wake wa ndani umechakaa kwa sababu ndicho kinachobonyezwa kuliko vyote.

Mwanga ukiwepo na TV bado haisikii, angalia kilicho mbele yake. Spika ndefu iliyowekwa chini ya kioo, au kile kitambaa cha kudarizi tunachopenda kuitandikia TV, huziba kijidirisha cha kupokelea mwanga. Nimeona watu wakinunua rimoti mpya kwa ajili ya kitambaa.

Rimoti inafanya kazi vizuri, vitufe vya TV ndivyo havifanyi chochote. Vimekufa? (Msomaji, Bukoba)

Huenda vimefungwa tu. Ingia kwenye mipangilio kwa rimoti utafute palipoandikwa Key Lock, Panel Lock au Child Lock, uzime. TV zilizotoka hotelini au gesti huja zikiwa zimefungwa hivyo makusudi.

Fundi shikamoo. Umeme ulikatika jioni, uliporudi TV haina hata taa. Vitu vingine vyote ndani vinawaka. Kitufe nimekibonyeza mpaka kidole kinauma. (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Acha kubonyeza kwanza, tufuate umeme kutoka ukutani.

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile uone kama inachaji. Kama TV inapita kwenye ekstensheni, iruke, chomeka moja kwa moja ukutani. Kama unatumia TV guard, kumbuka kwamba umeme ukirudi kifaa hicho husubiri kidogo kabla ya kuuruhusu upite, na umeme ukiwa mdogo mno au mkubwa mno hakiruhusu kabisa. Hapo TV haina kosa, inalindwa.

Umeme ukiwa upo, chomoa plagi. Sasa shikilia kitufe cha TV nusu dakika nzima, plagi ikiwa nje. Hapo unamaliza umeme uliobaki ndani ili ubongo wa TV uanze upya. Subiri dakika mbili, chomeka, angalia taa, ndipo ubonyeze. TV nyingi zilizoganda baada ya umeme kukatika na kurudi huamka kwa njia hii, na haigharimu kitu.

Isipoamka, huenda pawa saplai, yaani sehemu ya ndani inayopokea na kugawa umeme, imepigwa. Umeme unaporudi kwa kishindo, kinachoumia ni fyuzi ya ndani na vifaa vilivyo jirani yake. Kwenye TV yenye umri, mara nyingi ni kapasita (vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme) zilizovimba vichwa. Hizi hubadilishwa moja moja, si lazima bodi nzima. Mwombe fundi akuonyeshe iliyovimba: ya kawaida kichwa chake ni bapa, mbovu imetuna au imetoa majimaji ya kahawia.

Lakini wewe usifungue. Umeme wetu wa volti 230, ukishabadilishwa ndani ya TV, hukaa kwenye kapasita kubwa ukiwa zaidi ya volti 300, na unaweza kubaki humo hata plagi ikiwa mkononi mwako. Naandika hili kwa msisitizo kwa sababu vijana wengi wanajifunza ufundi kwa video, na kwenye video hilo hupitiwa haraka.

TV yetu inajiwasha yenyewe usiku wa manane. Mama mkwe anasema nyumba ina kitu. (Msomaji, Mwanza)

Mpe pole mama mkwe, na muanze na king'amuzi. Waya wa HDMI haupitishi picha na sauti peke yake, hupitisha na maagizo. King'amuzi kikijiwasha kwa ajili ya kusasisha programu zake, kinaweza kuiamuru TV nayo iamke. Mpangilio huo kwa jumla huitwa CEC. Samsung wanauita Anynet+, LG SimpLink, Sony Bravia Sync. Uzime, mlale usiku mmoja muone. Angalia pia kama kuna mtu aliyeweka saa ya TV kujiwasha.

Ikiendelea, mshuku kitufe chenyewe. Mara nyingi vitufe vyote vya TV huunganishwa kwenye bodi kwa waya mmoja, na bodi hutambua kipi kimebonyezwa kwa kupima volti iliyofika. Unyevu, vumbi au sisimizi waliojenga ndani ya kitufe hupitisha umeme kidogo, na bodi inasoma kwamba kuna kidole. Dalili zake utazijua: TV inajizima na kujiwasha, sauti inapanda yenyewe, menyu inafunguka bila mtu. Fundi anachomoa waya wa kibodi cha vitufe, anaiacha TV iwake kwa rimoti tu. Ikitulia, mbovu amepatikana, na kitufe chenyewe ni kifaa cha bei ndogo sana. Msikubali kuambiwa ni bodi kuu kabla kipimo hicho hakijafanyika mbele yenu.

Nikibonyeza inawaka, taarifa ya habari naisikia yote, ila kioo ni cheusi. Kitufe kinahusika? (Msomaji, Dodoma)

Kitufe kimemaliza kazi yake. Zima taa za chumba usiku, washa TV, kisha washa tochi ya simu na uisogeze karibu na kioo kwa mshazari. Angalia kwa makini: ukiona vivuli vya watu wanaotembea, picha ipo, kilichokufa ni taa za nyuma ya kioo. Taa hizo ni vijitaa vya LED vilivyopangwa kwenye mikanda na kuunganishwa mfululizo, kwa hiyo kimoja kikikatika, mstari mzima unaweza kuzimika. Mikanda hubadilishwa. Kazi yenyewe ni ya kufungua kioo, na kioo hakisamehe, basi mpelekee mtu uliyeona ameshaifanya.

Ikishapona, punguza mwanga kwenye mipangilio ya picha mpaka nusu au juu yake kidogo. TV nyingi hutoka dukani zikiwa zimewekwa mwanga mkali ili zivutie wateja, na mwanga huo ndio unaochosha vijitaa.

Usipoona kivuli chochote kwa tochi, tatizo liko kwingine, na hapo bodi inaweza kweli kuhusika.

Kuzima kwa rimoti kunatosha, au nizime na ukutani kila usiku? LUKU inaisha haraka. (Msomaji, Kigoma)

Si TV inayokula LUKU yako ikiwa imezimwa kwa rimoti. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka kifaa kilichozimwa namna hiyo kisizidi wati 0.5, na watengenezaji wakubwa wanaifuata; kwa mwaka mzima hiyo ni kama uniti nne na nusu. Ikiwa imeunganishwa na intaneti hupanda kidogo. Kama TV ni ya OLED (aina ya kioo kisicho na taa za nyuma), iache kwenye taa nyekundu, kwa maana hujirekebisha kioo ikiwa imezimwa. Kabla radi hazijaanza, chomoa plagi na waya wa antena vyote viwili. Kuzima swichi tu hakutoshi.

Dada yangu wa Houston amenitumia TV. Niitafutie adapta ya plagi tu niwashe? (Msomaji, Arusha)

Subiri! Usibonyeze kitu. Geuza TV usome kibandiko cha nyuma. Kikisema 100-240V, adapta inatosha. Kikisema 120V peke yake, umeme wetu utaiunguza papo hapo. Utahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye wati zaidi ya zile zilizoandikwa kwenye kibandiko. Na antena yetu haitakamata chaneli kwenye TV ya Marekani, maana mfumo wao wa matangazo ni mwingine. Tumia king'amuzi kupitia HDMI.

Bado nina TV ya chogo, picha safi kabisa. Kitufe cha kuwashia hakishiki, mpaka nikibane kwa kijiti cha kiberiti. Kuna ubaya? (Mzee, Lindi)

Shikamoo mzee. Upo ubaya, na nakuomba ukitoe leo. Kitufe cha TV bapa hutuma ishara ndogo tu, lakini cha chogo hukata na kuunga umeme wote wa ukutani. Ndani kina ndoano na springi. Ndoano ikilika hakishiki. Ukikibana kwa kijiti, vyuma vya ndani vinagusana nusunusu, vinatoa cheche, plastiki inayeyuka, na kando yake kuna kijiti kikavu cha mbao. Ukisikia mlio wa kukaanga au harufu ya kuungua ukibonyeza, ndicho hicho.

Mwite fundi abadilishe swichi, aweke yenye miguu minne kama iliyokuwepo, ili ikate nyaya zote mbili. Usikubali aunge nyaya moja kwa moja ili TV iwe inawashwa ukutani. Naye aufungue mfuniko akijua kwamba nyuma ya chogo kuna maelfu ya volti, aondoe kwanza umeme uliobaki kwenye kioo. Ikishawekwa swichi mpya, bonyeza mara moja: utausikia mlio mmoja mkavu wa kushika, bila kukaanga.