Kabla hujapakua raylib mara ya tatu

Jana Sinza nimemkuta dogo anafuta raylib (maktaba ya C ya kutengenezea gemu) na kuipakua upya mara ya tatu, tena kwa bando lake mwenyewe. Nusura nimnyang'anye laptopu. Wadogo zangu, tusikilizane.

1. VS Code, hiyo programu mnayoandikia kodi, ifungulieni folda nzima, si main.c peke yake. Bila folda, tasks.json yako (faili la maagizo ya kujenga programu) haionekani.

2. Mistari myekundu chini ya #include ni kelele za IntelliSense, msaidizi wa VS Code anayekagua kodi unapoandika. Mtulize kwa includePath, ila jueni gcc, anayegeuza kodi kuwa programu, hana habari naye. Yeye anafuata -I (folda ya faili za #include) na -L (folda ya maktaba) mlizompa kwenye tasks.json.

3. Someni ujumbe wa kosa wote. Hapa nina kidonda. Nilipoanza raylib, kila nikibonyeza Ctrl+Shift+B kujenga programu naambiwa "cannot find -lraylib", yaani maktaba ya raylib haionekani. Na libraylib.a naliona kwa macho yangu, limetulia kwenye folda ya lib! Nikahamishia kila kitu C:\, nikapakua upya, nikafuta hadi VS Code, masikini, nayo haikuhusika. Saa nane usiku LUKU ikaisha, feni ikazima, mbu wakaingia kazini, mimi bado naitukana maktaba ya watu. Siku ya nne rafiki yangu kaja tule chipsi mayai, akapandisha teminali mistari miwili tu: "skipping incompatible". Akauliza, "Gcc yako biti ngapi?" Nikamjibu 64, kifua mbele. Akaandika where.exe gcc, kuona gcc ziko wapi (kwenye PowerShell msisahau hiyo .exe, la sivyo inakaa kimya). Zikatoka mbili. Ya kwanza MinGW (gcc ya Windows) ya biti 32, niliyoiweka enzi za somo la C chuoni, imekaa juu kwenye PATH, orodha ya folda ambamo Windows inatafuta programu, kama mwenye nyumba. Kumbe linka, anayeunganisha kodi na maktaba, alikuwa analikuta faili la biti 64, analiruka, halafu ananiambia hajaliona. Siku nne nilikuwa nasoma mstari wa mwisho tu. Chipsi nililipa mimi.

4. Kwenye maagizo ya gcc, main.c kwanza, ndipo maktaba: -lraylib -lopengl32 -lgdi32 -lwinmm. Msizipange kwa alfabeti, nimeshaona mtu.

5. Jina la folda lisiwe na nafasi. "Gemu Yangu Mpya" itawatesa.

Huyo dogo wa jana nilimwambia aandike where.exe gcc. Zilitoka tatu.