Mjomba wa Shabaha: Dola 800 na bastola ya .22

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Columbus, Ohio, na nina grini kadi. Tangu mwaka jana naenda klabu ya shabaha kila Jumanne nikitoka zamu, natumia bastola ya klabu ya .22, ile ya risasi ndogo. Nimenogewa. Sasa nataka yangu, na siku moja nifike kwenye mashindano ya Camp Perry. Nimeweka dola 800. Mume wangu anasema ninunue yenye mtutu mrefu kuliko zote. Muuza duka anasema kama sina dola 2,000 nisijisumbue. Na viganja vyangu ni vidogo. Nimsikilize nani?
Mama wa Columbus

JIBU: Marahaba mwanangu. Mumeo tumwondoe kwanza, kwa heshima zote. Mtutu mrefu hauipi risasi akili. Unachopata ni nafasi kubwa kati ya alama ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo ukilenga vibaya unaliona kosa mapema. Lakini huko kwenu, kwenye mashindano ya bullseye, yale ya Kimarekani ya kulenga kwa bastola, karibu kila mtu anafunga darubini ya nukta nyekundu, yaani kioo kinachokuonyesha nukta pale unapolenga. Ukishaifunga, faida ya urefu imekwenda, umebaki na pua nzito inayoning'inia kwenye mkono mmoja. Mkono mmoja, kumbuka! Inchi 5.5 zinakutosha.

Muuza duka naye ana watoto wa kulisha. Bastola za bei hiyo, kama Pardini, ni nzuri kweli, na Smith & Wesson Model 41, iliyotoka mwaka 1957, mpaka leo nikiiona kwa jirani wa pembeni roho inanidunda. Lakini tazama unachotakiwa kufanya: risasi kumi kwa dakika kumi yadi 50, kisha yadi 25 unapiga tano kwa sekunde 20, halafu tano kwa sekunde 10. Duara la pointi kumi lina upana wa inchi 3.36, karibu sawa na mdomo wa kikombe chako cha chai. Ruger Mark IV Target au Browning Buck Mark nzima, ikipewa risasi inayoipenda, inaweza kuyakusanya matundu humo kutoka yadi 50. Wewe na mimi hatuwezi. Kwa hiyo bastola ya dola 2,000 itakuwa inakungojea wewe.

Sababu yake iko ndani. Risasi ya .22 haina nguvu nyingi, kwa hiyo bastola hizi hazihitaji kufuli la kubana mtutu. Mtutu umekazwa kwenye mwili, hautikisiki, kinachorudi nyuma ni boliti tu, kile chuma kinachoziba nyuma ya mtutu. Bastola nyingi za tisa milimita mtutu wake huinama kidogo kila risasi inapotoka, na lazima urudi palepale. Ndiyo maana .22 ya bei ya kawaida inaweza kupiga vizuri kuliko bastola ya askari iliyo ghali mara mbili.

Sasa viganja, maana hapo ndipo pesa yako inapookolewa au kupotea. Dukani, mwombe muuzaji ahakikishe haina risasi, na wewe uhakikishe tena kwa macho yako. Ishike, fumba macho, nyoosha mkono kuelekea ukuta mtupu, kisha fumbua. Ukikuta alama zimepangana bila wewe kukunja kifundo cha mkono, bastola hiyo inakufaa. Ukikuta pua inatazama dari, mrudishie. Halafu weka kidole kwenye triga: iguswe na nyama ya ncha ya kidole, na sehemu nyingine ya kidole isiguse mwili wa bastola, la sivyo kila ukibana utaisukuma pembeni. Mpini wa Mark IV Target umelalia nyuma. Ndugu yake, Ruger 22/45, ina mpini mwembamba uliosimama zaidi. Nahisi wa pili ndio wako, ila mkono wako ndio utakaosema.

Triga za kiwandani huwa nzito. Sheria ya bullseye inataka isipungue pauni 2 kwa .22. Fundi anaweza kuilainisha, lakini usiguse mpaka umemaliza katoni kadhaa. Afande wetu JKT mwaka 1986, tukiwa tumelala kifudifudi na bunduki za SMG, alikuwa anapita akigonga visigino vyetu: "Bana! Nani kakwambia uvute?" Ukibana polepole hata triga nzito inakutii.

Dola zinazobaki nunua risasi, lakini usinunue katoni nzima ya aina moja kabla ya kujaribu. Chukua boksi moja moja la aina nne au tano, zote za mwendo wa kawaida, risasi ya grein 40 (grein ni kipimo cha uzito). Egemeza bastola kwenye mfuko wa mchanga, piga kumi kumi za kila aina, kila aina na karatasi yake. Utashangaa. Bastola mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zinaweza kukataa chakula cha mwenzake.

Kabla hujazilaumu risasi, nikuibie siri. Nilipofunga nukta nyekundu ya kwanza, matundu yangu yalianza kutangatanga, leo kushoto, kesho juu. Nikabadili risasi aina nne. Nikafuta kioo. Nikaenda kwa daktari wa macho, nikatoka na miwani mipya. Miezi mitatu! Jioni moja mzee wa meza ya jirani akaishika ile darubini kwa vidole viwili, akaitikisa: tik. Skrubu moja ya mbele ilikuwa imelegea, na aliyeikaza alikuwa mimi. Tone moja la gundi ya bluu ya skrubu likamaliza yote. Ile miwani bado naivaa, maana niliilipia.

Ukiangukia Mark IV iliyotumika, uliza ilitengenezwa lini. Zilizotoka kabla ya 1 Juni 2017 Ruger yenyewe iliziita zirudi, kwa sababu sefti, yaani kizuizi cha usalama, ikiachwa katikati na triga ikabanwa, risasi ingeweza kutoka baadaye unapoisogeza sefti. Kama haikurekebishwa, wapigie kabla hujaitumia.

Mengine kwa haraka. Kwa grini kadi unaweza kununua, ukiwa na miaka 21 na ukinunua dukani katika jimbo lako. Wenye viza za muda kwa kawaida hawaruhusiwi. Hela ni zako, basi jina kwenye fomu liwe lako, mumeo asikujazie. Bastola ilale kwenye kasiki yenye kufuli. Na ukitoka kwenye shabaha usimbebe mtoto kabla ya kunawa kwa sabuni na kubadilisha nguo, kwani risasi hizo ni za madini ya risasi na vumbi lake linashika. Camp Perry ipo palepale kando ya Ziwa Erie, mashindano yamekuwapo tangu 1907, na kuna darasa la wanaoanza. Usingoje uive.

SWALI: Mjomba, niko Leipzig, Ujerumani, nimemaliza miezi 12 ya klabu, sasa naomba kibali. Binamu yangu aliyeko Texas anaisifu Ruger yake ya inchi 6.88. Nitafute kama hiyo kwa mita 25?
Kijana wa Leipzig

JIBU: Hiyo mwachie binamu. Sheria za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha, zinataka mtutu usizidi milimita 153, na inchi 6.88 ni kama milimita 175. Hata kugombana na waamuzi hutapata nafasi. Ya inchi 5.5 inapita. Triga nayo ibebe gramu 1,000 bila kuachia. Pauni 2 za Marekani ni gramu 907 tu, kwa hiyo bastola iliyolainishwa kwa sheria zao itakwama kwenye ukaguzi wenu. Nenda na mzani wako wa triga asubuhi ya mashindano, upime mwenyewe kabla hawajakupima.